Kulala kwa nusukaputi ni rahisi, kuamka ndiko kazi

Ndugu msomaji, kama umepata kuketi kwenye benchi la hospitali ukimngojea jamaa yako aliyeingizwa chumba cha upasuaji, bila shaka walijua swali la kwanza linaloulizwa pindi mlango unapofunguliwa. Hakuna aulizaye urefu wa kidonda wala idadi ya nyuzi zilizoshonwa. Mama, mume, ndugu na majirani, wote huuliza neno moja tu: "Ameamka?"

Swali hilo lina busara kuliko wengi wadhanivyo. Watu huogopa kulala. Hudhani kwamba hatari yote imo katika ile sindano ya kwanza, au katika ile barakoa inayowekwa puani. Lakini mtaalamu wa usingizi, yule anayekaa penye kichwa cha mgonjwa tangu mwanzo hadi mwisho, hahesabu kwamba kazi yake imekwisha mpaka mgonjwa amefumbua macho, ameinua kichwa, na juu ya yote anavuta pumzi kwa nguvu zake mwenyewe. Kwa watu wengi hatua hiyo hupita salama. Wapo, hata hivyo, wenzetu ambao misuli yao imedhoofishwa na maradhi, na kwao kurejeshewa nguvu baada ya operesheni ni jambo linalotaka maarifa, vipimo na dawa iliyochaguliwa kwa uangalifu. Makala hii yawahusu wao na jamaa zao. Tutaona ya kuwa neno moja likisemwa mapema na mgonjwa, au na mzazi wake, laweza kuokoa uhai.

DAWA TATU, KAZI TATU

Wengi wetu husema "nusukaputi" kana kwamba ni dawa moja. Kwa kweli mgonjwa anayefanyiwa operesheni kubwa hupewa, mara nyingi, dawa za namna tatu. Ya kwanza humlaza. Ya pili humwondolea maumivu. Ya tatu hulegeza misuli yake, ili daktari mpasuaji apate kufanya kazi katika tumbo lisilokakamaa, na mtaalamu wa usingizi apate kupitisha mpira wa hewa kooni bila kupingwa.

Dawa hii ya tatu ndiyo msingi wa mazungumzo yetu, na yafaa ifahamike vema. Haileti usingizi, wala haitulizi maumivu. Mwaka 1947 madaktari wa Marekani walichapisha habari za jaribio ambalo mmoja wao, Dkt. Scott Smith, alikubali kudungwa dawa ya namna hiyo akiwa macho kabisa, mpaka asiweze kutikisa kidole wala kuvuta pumzi, huku wenzake wakimpulizia hewa. Nguvu zilipomrudia, aliweza kuwasimulia yaliyotendeka wakati wote amelala pale kama gogo. Akili yake haikuzimika hata kidogo.

Tena dawa hii haichagui. Haiulegezi msuli wa tumbo ikauacha ule wa kupumulia. Huenea mwili mzima: kope, shingo, mikono, miguu, mbavu, na kile kiwambo kitenganishacho kifua na tumbo. Ndiyo maana mgonjwa aliyepewa dawa hiyo hupumuliwa kwa mashine, au kwa mkono wa mtaalamu akiminya mfuko wa hewa. Na ndiyo maana, kazi ya kisu ikiisha, hapana budi dawa hiyo iishe nguvu au iondolewe, ili misuli ipokee tena kazi yake ya kupumua.

MSHALE WA AMERIKA YA KUSINI

Asili ya dawa hii ni sumu. Wenyeji wa misitu ya Amazon na Guiana, huko Amerika ya Kusini, tangu kale walichemsha mimea fulani ya kutambaa wakapata utomvu mweusi uitwao kurare, wakaupaka kwenye ncha za mishale. Mnyama aliyechomwa alilegea, akaanguka, akaacha kupumua. Afrika Mashariki nako wamekuwapo wawindaji wenye mishale ya sumu, kama Wakamba na Wagiriama. Lakini sumu yao ni ya namna nyingine: hiyo huushambulia moyo wenyewe. Kurare huuacha moyo ukidunda. Huiba pumzi tu.

Tofauti hiyo ndiyo iliyowafumbua macho wataalamu. Mwaka 1814, mjini London, msafiri Mwingereza Charles Waterton na wenzake walimtia punda jike kurare. Alipoacha kupumua, walimtoboa koo wakampulizia hewa mapafuni kwa mivukuto, kama mhunzi apulizavyo moto. Sumu ikaisha nguvu, punda akainuka, akaishi miaka mingi baadaye. Somo likawa wazi: kurare haimuui anayepumuliwa. Katikati ya karne hiyo ya 19, mtaalamu wa Ufaransa, Claude Bernard, akaonyesha kwa kutumia vyura kwamba sumu hii haiuharibu msuli wenyewe. Hukata habari zinazoletwa kwenye msuli na mshipa wa fahamu.

Tarehe 23 Januari 1942, mjini Montreal, Kanada, Dkt. Harold Griffith na Dkt. Enid Johnson walimdunga kijana mmoja kurare iliyosafishwa, alipokuwa akitolewa kidole tumbo. Misuli ya tumbo ikalegea, naye akapona. Tangu hapo dawa za jamii ya kurare zikaingia katika vyumba vya upasuaji duniani kote. Lakini furaha haikuja peke yake. Mwaka 1954 madaktari wawili wa Marekani, Beecher na Todd, walichapisha hesabu za wagonjwa karibu 600,000 wa hospitali 10 za vyuo vikuu. Kati ya waliopewa dawa za kulegeza misuli, kilitokea kifo kimoja kilichohusishwa na usingizi kwa kila wagonjwa 370. Kati ya wasiopewa, kimoja kwa kila 2,100. Wataalamu walibishana sana juu ya sababu zake, lakini hesabu hizo ziliwazindua wote: kulegeza misuli bila kuhakikisha kwamba nguvu zimerudi ni hatari.

TARISHI NA VITI VYAKE

Ili tufahamu jinsi nguvu zinavyorudishwa, tuchukue mfano wa ofisini. Mshipa wa fahamu ni kama mkuu wa idara anayetaka kazi ifanyike. Msuli ni mfanyakazi aliye ng'ambo ya pili. Kati yao pana upenyo mdogo mno, usioonekana kwa macho. Mkuu hutuma matarishi wavuke upenyo huo. Jina la matarishi hao ni asetilikolini. Upande wa msuli kuna viti vingi. Matarishi wa kutosha wakiisha kuketi, msuli hupokea amri na kujikaza. Papo hapo huja mfagizi, akawaondoa matarishi wote, ili nafasi iwe tayari kwa amri nyingine. Hayo yote hutendeka upesi kuliko kupepesa jicho.

Kurare, na dawa za siku hizi zilizo za jamii yake kama rokuroniamu, ni mvamizi asiye na barua. Huketi katika viti vya matarishi asitoe habari yoyote. Mkuu hutuma amri, matarishi huvuka, lakini hawana pa kukaa. Msuli nao hungoja, umelegea.

Je, mvamizi huyo aondolewe namna gani? Njia ya kwanza ni kumsubiri aondoke mwenyewe, mwili ukiisha kuisafisha dawa. Njia ya pili ni kuwaongeza matarishi mpaka wamzidi wingi. Na njia hii ya pili, jambo la ajabu, ilitoka katika ardhi ya Afrika.

KIAPO CHA CALABAR

Lugha yetu yenyewe husema kwamba mtu "amekula kiapo", ikitukumbusha zamani ambapo mshitakiwa alilishwa au kunyweshwa kitu ili ukweli udhihirike. Huko Calabar, kusini-mashariki ya Nigeria ya leo, Waefik walikuwa na kiapo cha namna hiyo. Mshitakiwa alinyweshwa maji yaliyotiwa maharage fulani yaliyosagwa. Akitapika na kupona, hana hatia. Akifa, hatia ilikuwa yake.

Mwaka 1855, Profesa Robert Christison wa Edinburgh alitafuna sehemu ya haragwe hilo ili aone litamfanya nini. Alipohisi nguvu zinamwishia, alikunywa maji aliyokuwa amenyolea ndevu, akatapika, akaokoka. Mwaka 1864 kiini cha sumu hiyo kilitengwa, kikaitwa fisostigmini. Na mwaka 1900 daktari wa Vienna, Jakob Pal, aliona jambo lililobadili historia: mbwa aliyelegezwa kwa kurare alianza kupumua mwenyewe alipopewa fisostigmini. Sumu ya mshale ikawa imepata kiboko chake katika sumu ya kiapo.

Siri yake ni nini? Fisostigmini haimgusi mvamizi. Humkamata yule mfagizi mikono. Mfagizi akishikwa, matarishi hawaondolewi. Huongezeka, hujazana, na kila kiti kinachoachwa wazi hukaliwa na tarishi wa kweli. Msuli hupata amri tena. Mwaka 1931 ilitengenezwa dawa ya jamii hiyo ifaayo zaidi, neostigmini, ambayo mpaka leo imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na ndiyo iliyozoeleka katika hospitali nyingi za Afrika Mashariki. Kwa kuwa matarishi haohao hufanya kazi pia katika moyo, mate na matumbo, neostigmini hutolewa pamoja na dawa kama atropini, ili moyo usipunguze mwendo kupita kiasi.

MWANAMKE WA GREENWICH

Hapo ndipo maradhi yanapoingia katika hadithi yetu. Yapo maradhi yaitwayo miasthenia gravisi. Mtu huamka asubuhi akiwa mzima. Kadiri siku inavyokwenda, kope huanguka, macho huona vitu viwili viwili, taya huchoka kutafuna, sauti huwa ya puani, mikono hushindwa kuchana nywele. Akipumzika, nguvu hurudi kidogo. Ndugu zake humwita mvivu, au hudhani amerogwa.

Mwaka 1934, katika Hospitali ya St Alfege huko Greenwich, London, daktari mwanamke Mary Walker alikuwa akimtunza mgonjwa wa namna hiyo. Aliambiwa kwamba maradhi hayo yafanana na hali ya mtu aliyetiwa kurare. Akawaza: kama yafanana na kurare, kwa nini yasijaribiwe kwa dawa iondoayo kurare? Alimdunga mgonjwa fisostigmini, na kwa muda kope iliyokuwa imeanguka ikainuka. Mwaka uliofuata alionyesha kwamba neostigmini hufanya kazi hiyo vizuri zaidi. Wenzake wakaiita habari hiyo muujiza wa St Alfege.

Leo twajua kwa nini Dkt. Walker aliwaza sawasawa. Katika maradhi hayo, askari wa mwili walio na kazi ya kupigana na vijidudu hukosea adui, wakavibomoa vile viti vya matarishi. Matarishi wapo, mkuu yupo, lakini viti vimebaki vichache. Dawa ya kila siku ya wagonjwa wengi, piridostigmini, ni ndugu ya neostigmini: humshika mfagizi, ili viti vichache vilivyosalia vitumike kwa muda mrefu zaidi.

FUNDI WA CHEREHANI

Sasa tumfikirie mama mmoja, fundi wa cherehani katika kiwanda cha nguo. Ana miasthenia, na humeza piridostigmini mara kadhaa kwa siku. Amekuja kufanyiwa operesheni. Huenda ni ya nyongo au uvimbe wa tumbo la uzazi. Huenda pia ni ya kuondoa tezi ya thaimasi, iliyo kifuani nyuma ya mfupa wa kidari, kwa kuwa utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulithibitisha kwamba kuiondoa tezi hiyo huwasaidia wagonjwa wengi wa maradhi haya. Ataamkaje?

Shida ya kwanza ni kipimo. Mtu mzima ana viti vingi vya akiba. Mvamizi hana budi kukalia sehemu kubwa mno ya viti hivyo ndipo msuli ulegee. Fundi wetu hana akiba. Kiasi kidogo cha rokuroniamu, ambacho kwa mwingine kisingeonekana, kwake chaweza kumlegeza kabisa na kwa muda mrefu.

Shida ya pili ni kiondoa dawa. Neostigmini humshika mfagizi. Lakini mfagizi wa mama huyu amekwisha kushikwa tangu asubuhi na vidonge vyake. Kuongeza neostigmini huenda kusimpe nguvu za maana. Na ikiongezwa kupita kiasi, matarishi hufurika mpaka vile viti vichache hutaabika, vikaacha kuitikia. Hapo mgonjwa hulegea tena, mate na makohozi humjaa, moyo hupunguza mwendo, pumzi humpungua. Ubaya wake ni kwamba ulegevu huo, kwa kutazama tu, wafanana sana na ulegevu wa dawa ya kwanza na ulegevu wa maradhi yenyewe. Daktari hujikuta ana milango mitatu inayofanana, asijue auingie upi.

DEMA LA SUKARI

Njia ya tatu ilipatikana katika maabara ya kampuni ya Organon huko Newhouse, Scotland, ambako mkemia Anton Bom na wenzake walitengeneza dawa iitwayo sugamadeksi. Iliruhusiwa kutumika katika Jumuiya ya Ulaya mwaka 2008, na Marekani mwezi Desemba 2015.

Wakazi wa pwani walijua dema, lile tego la samaki lililosukwa kwa fito: samaki akiisha kuingia, hatoki. Sugamadeksi ni dema dogo mno. Ni pete iliyoundwa kwa chembe 8 za sukari, na uwazi wake wa ndani umekatwa kwa kipimo cha rokuroniamu. Ikidungwa katika mshipa wa damu, huzinasa chembe za rokuroniamu zinazoelea damuni. Damu ikiisha kuwa tupu, wavamizi waliokalia viti huteremka na kuifuata damu, nao hunaswa vivyo hivyo. Kisha figo huvitoa vyote viwili, samaki na dema lake, katika mkojo.

Tazama tofauti yake. Dawa hii haimgusi mfagizi, haiongezi matarishi, wala haitegemei idadi ya viti. Humwondoa mvamizi, basi. Kwa hiyo, kwa fundi wetu wa cherehani, viti vichache alivyokuja navyo hospitali huachwa wazi kama vilivyokuwa. Ndiyo sababu madaktari wa nchi nyingi wamemwona mgonjwa wa miasthenia kuwa miongoni mwa wanaofaidiwa zaidi na sugamadeksi. Kwa mtu wa kawaida aliyeanza kupata nafuu kidogo, nguvu hurejea katika dakika 2 au 3, ambapo neostigmini huchukua muda mrefu zaidi, wala haifai kitu kama ulegevu ungali mzito.

Hata hivyo, ndugu msomaji, hakuna dawa isiyo na mipaka. Dema hili humnasa samaki wa namna yake tu: rokuroniamu na nduguye vekuroniamu. Halifai kwa dawa nyingine za kulegeza, kama atrakuriamu au suksametoniamu. Mara chache huleta mzio mkali, na huangaliwa sana kwa wenye figo mbovu. Bei yake ni kubwa mara nyingi kuliko ya neostigmini, na si kila hospitali inayo. Tena humwondolea mgonjwa dawa, haimwondolei maradhi. Udhaifu aliokuja nao atabaki nao.

Lipo na jambo moja linalowahusu akina mama hasa. Dema hilo laweza kunasa pia homoni za dawa za uzazi wa mpango. Mwanamke anayemeza vidonge, akipewa sugamadeksi, ahesabu kana kwamba amesahau kidonge cha siku hiyo, na mwenye sindano au kipandikizi, pamoja na huyo wa vidonge, atumie pia kinga nyingine isiyo ya homoni kwa siku 7. Aliyelala usingizi hawezi kujua amepewa dawa gani. Aulize kabla ya kurudi nyumbani.

MARADHI SI YA NAMNA MOJA

Miasthenia ni ndugu mmoja katika ukoo mkubwa. Yupo mtoto wa kiume mwenye maradhi ya Duchenne. Huchelewa kutembea, huanguka ovyo, ndama za miguu yake ni nene kupita kiasi, na akitaka kusimama hujikwea mwenyewe, akiweka mikono juu ya mapaja. Kwa mtoto huyu hatari kubwa ni suksametoniamu, dawa ya kulegeza ifanyayo kazi upesi. Yaweza kuibomoa misuli yake na kumwaga potasiamu nyingi damuni hata moyo ukasimama. Katika miaka ya 1990 wakuu wa dawa wa Marekani walitoa onyo zito baada ya watoto walioonekana wazima kufa ghafla, kisha ikagunduliwa kwamba baadhi yao walikuwa na maradhi ya misuli yasiyojulikana. Katika habari hii jicho la mama nyumbani laweza kumtangulia daktari.

Yupo pia mwenye miotonia, ambaye akikushika mkono hushindwa kukuachia mara moja, kwa kuwa misuli yake ikijikaza huchelewa kulegea. Kwake suksametoniamu yaweza kuleta mkakamao mkubwa wa mwili, na neostigmini yenyewe yaweza kuuchochea. Hapa nako sugamadeksi, au kuepuka dawa za kulegeza kabisa, ndiyo njia inayopendelewa.

KIDOLE GUMBA HUSEMA KWELI

Huenda msomaji akauliza: daktari hujuaje kwamba nguvu zimerudi? Zamani alimwambia mgonjwa ainue kichwa, au aukaze mkono. Vipimo hivyo hudanganya. Mtu aweza kuinua kichwa huku koo lake lingali legevu, asiweze kumeza mate wala kukohoa.

Mwaka 1970 wataalamu Ali, Utting na Gray wa Liverpool walieleza njia iliyo bora. Kichombo kidogo huwekwa kwenye kifundo cha mkono, kikapeleka mishtuko 4 midogo katika mshipa wa fahamu wa kidole gumba. Kidole huruka mara 4. Mruko wa nne hulinganishwa na wa kwanza. Kama dawa ingalipo, wa nne huwa mdogo. Mwongozo wa wataalamu wa usingizi wa Marekani, uliotolewa mwaka 2023, wasema mpira wa hewa usiondolewe mpaka mruko wa nne ufikie angalau sehemu 9 kati ya 10 za ule wa kwanza, tena upimwe kwa chombo kinachoandika tarakimu.

Kwa mwenye miasthenia pana tahadhari moja zaidi. Yeye huenda asifikie 9 kwa 10 hata kabla ya kupewa dawa yoyote. Hivyo yafaa apimwe kwanza, mara tu anapolala, ili ijulikane alikotoka, ndipo ijulikane arudishwe wapi.

Na pasipokuwa na sugamadeksi, je? Mtaalamu mwerevu hakosi njia. Operesheni nyingi za chini ya kitovu hufanywa kwa sindano ya uti wa mgongo, mgonjwa akiwa macho na mwenye pumzi zake. Nyingine hufanywa kwa usingizi mzito wa hewa ya dawa bila kulegeza misuli kwa dawa ya tatu. Ikibidi kulegeza, hutolewa kiasi kidogo na kupimwa hatua kwa hatua. Na mwishowe ipo njia ya kale kuliko zote, ile ya punda wa Waterton: kumwacha mgonjwa apumuliwe na mashine, akiangaliwa na muuguzi, mpaka nguvu zirudi zenyewe. Kungoja huko si kushindwa. Ni uganga.

WEWE NA JAMAA YAKO

Ndugu msomaji, yako mambo machache ya kushika. Kabla ya operesheni yoyote, omba kuonana na mtaalamu wa usingizi, usingoje siku ya kisu. Mwambie kama kope zako huanguka jioni, kama unaona viwili viwili, kama unapaliwa na chakula, kama mtoto wako hukwea mapaja yake akitaka kusimama. Mwambie pia kama yupo ndugu wa damu aliyechelewa kuamka, aliyewekwa kwenye mashine, au aliyefariki mezani. Habari hizo si umbeya wa ukoo, ni dawa.

Chukua vidonge vyako vyote katika pakiti zake. Usiache piridostigmini kwa kujiamulia, wala usiimeze asubuhi ya operesheni pasipo kuuliza. Hilo ataamua daktari. Mkumbushe kila anayekutibu kwamba una miasthenia, kwa maana hata dawa zisizo za usingizi zaweza kukudhoofisha: jentamaisini ni mojawapo, na magnesiamu wanayodungwa wajawazito wenye kifafa cha mimba ni nyingine. Uliza kama hospitali ina mashine ya kupumulia na kitanda cha uangalizi baada ya operesheni. Kama haina, na operesheni si ya dharura, ni haki yako kuomba barua ya kwenda penye vyombo hivyo.

Wapo wanaonyamaza kwa haya, wakihofu kuitwa dhaifu kazini, au wakiogopa kwamba daktari atakataa kuwapasua. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Daktari anayejua hakatai, hujitayarisha. Huchagua dawa, hupima kidole gumba kabla na baada, huandaa kitanda na mashine. Na jioni, mlango wa chumba cha upasuaji ufunguliwapo, muuguzi akiulizwa na wale wa bencheni lile swali la siku zote, ataweza kujibu: ameamka, na anapumua mwenyewe.